Mahindi ya Nyuma ya Bafu

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama nyuma ya bafu langu la mabati, panga mkononi, na mbele yangu mahindi ishirini na saba ambayo hayakutakiwa kuwepo duniani. Wapo wasomaji walionishauri nikimbie. Nikimbilie wapi? Mwenye mama mkwe kama wangu hata kukimbia anaomba ruhusa.

Kwa aliyeingia leo nitasema kwa kifupi. Mume wangu aliondoka mwaka juzi kwenda kutafuta maisha, akayapata kwa mwanamke mwingine. Aliniachia nyumba ya vyumba viwili, na mama yake ndani yake. Nikajiunga na kikundi cha wanawake ishirini na wanne wanaolima mbegu za mahindi, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, wakanifanya katibu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Anayelima mahindi ya kula anaweza kulima jirani na yeyote. Anayelima mahindi ya mbegu hawezi. Lile vumbi la mbelewele, ua la kiume lililo kileleni, hupeperuka na upepo, na likitua kwenye ndevu za hindi lako, punje inayozaliwa si yako tena. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba ndani ya hatua mia nne kutoka shamba la kikundi, mtu asipande mahindi yoyote. Tunaoishi karibu tupande maharage na viazi. Atakayekaidi atolewe, na asile tena kutoka ghala la kikundi. Sheria hiyo niliiandika mimi, nikaisoma mbele ya wote kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Shamba lenyewe tuliazimwa kwa msimu mmoja. Mwenye shamba alisema wazi: mbegu yenu ikipita kwa mkaguzi, nawakodishia miaka kumi. Isipopita, nampa mfyatua tofali. Na mfyatua tofali alikuwa ameshaanza kupita pale jioni, akiuchota udongo na kuufinyanga kwa vidole. Akishachimba yule, hapalimwi tena.

Na bado nikapanda.

Marehemu mama yangu aliniachia kopo la mbegu za mahindi meusi, meusi kama mbegu za papai. Siku hizi, huku na kule kwao, hakuna mwingine mwenye nayo. Mbegu ya mahindi ukiifungia tu, inakufa polepole, na zile zilikuwa na miaka minne koponi. Nikasema nipande konzi moja, nyingine ibaki. Nikapiga hesabu kama katibu: kwa mama, kule juu kwenye baridi, mahindi haya hutoa mbelewele siku ya tisini. Nikiyapanda wiki tatu baada ya kikundi, yatachanua wakati ndevu za shambani zimeshakauka, na hakuna atakayedhurika.

Nilisahau jambo moja tu. Huku ni joto. Mahindi ya mama yalipoonja joto yakakimbia, yakachanua siku ya hamsini na tano, sambamba na ya kikundi. Na mimi alfajiri zote hizo nilikuwa shambani nang'oa mbelewele za watu, huku zangu zikipepea nyuma ya bafu.

Basi nikayakata. Mkaguzi alitarajiwa saa nne, na hiyo ilikuwa saa moja. Nikang'oa visiki, nikalainisha udongo, nikachomeka vipande vya mashina ya viazi vitamu juu yake. Likabaki rundo la mabua, bichi, mbelewele zake za zambarau zikimwaga vumbi kila nikiligusa.

"Hodi, katibu."

Alikuwa Mama Mbuzi, mjane wa upande wa pili wa shamba, mwanachama mwenzetu. Tulimwita hivyo kwa sababu ya mbuzi wake watatu, ambao aliwazungumzia kuliko watoto wake wanne. Kila asubuhi alipita kuomba majani.

Akalitazama rundo. Akanitazama mimi.

"Haya si majani," alisema.

"Si majani."

"Ni ya lile kopo la mama yako?"

Nilimwonyesha kopo lile siku moja ya palizi, tukiwa wawili tu. Hakuna mwingine aliyelijua, ukimtoa mama mkwe ambaye hujua kila kitu. Nikaitikia kwa kichwa.

Mama Mbuzi akatandika nguo chini, akaanza kupanga mabua. "Mbuzi wangu wakipata saa mbili tu, hakuna hata kijiti kitakachobaki," alisema. "Nenda kaoge. Una vumbi lake kichwani."

"Mwenzangu, Mungu akulipe."

"Mungu nimemkopesha sana. Nenda kaoge."

Mnaona? Nilitaka mjue hilo kabla sijaendelea. Hakuyachukua kwa ujinga. Aliyachukua ili anisitiri.

Mkaguzi alikuja saa tatu.

Mtu wa serikali aliyewahi mapema, mimi sijapata kumwona tena. Alikuwa na buti safi na kofia, na hakutaka hata kiti. Tukampeleka shambani. Shamba la mbegu lina mpangilio wake: mistari minne ya majike, ambayo sisi hung'oa mbelewele zote, kisha mstari mmoja wa madume, ambao huachiwa zake ili uwapandishe wale wanne. Madume wakishamaliza kazi, tunawakata. Hakuna kazi iliyotuchekesha kama hiyo.

"Wake wanne, mume mmoja," Mwenyekiti alimwambia mkaguzi. "Tofauti na nyumbani ni kwamba huyu akimaliza anafyekwa."

Wanawake wakacheka. Hata mkaguzi akatabasamu. Alipita mstari hadi mstari na hakukuta mbelewele hata moja iliyosahaulika. Nikaanza kupumua.

"Kazi safi," alisema. "Na ndani ya hatua mia nne hakuna mahindi mengine?"

"Hakuna," Mwenyekiti akasema. Alikuwa mwanamke mnene, mkweli, ambaye hajawahi kuonja aibu, na kwa hiyo hakuwa na huruma nayo.

"Basi tuzunguke."

Tukazunguka. Kwangu akaona viazi na maharage. Kwa Mwenyekiti, maharage. Tukavuka upande wa magharibi, na kabla hatujafika kwa Mama Mbuzi, mbuzi wake mmoja akatoka kutulaki. Mdomoni alikuwa ameshika mbelewele ya zambarau, anaitafuna bila haraka.

Zizini mabua yalikuwa nusu. Saa mbili hazikuwa zimetimia.

"Mama Mbuzi," Mwenyekiti akasema, "haya ni nini?"

Mama Mbuzi alinitazama mimi. Hakunikazia macho, alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, apite kwanza. Nikatazama daftari langu. Nikageuza ukurasa ambao haukuwa na kitu.

Alingoja muda mrefu. Kisha akasema, "Nilipewa na katibu. Asubuhi hii."

Wote wakanigeukia.

"Mimi?" nikasema. "Kwangu si mmepita sasa hivi? Mmeona mahindi?"

Ndugu zangu, sauti ilitoka vizuri. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Nilidhani uongo mkubwa hivyo ungekwama kooni, lakini ulitoka laini kabisa.

"Twendeni tena," Mama Mbuzi akasema. "Tukafukue vile viazi."

Kwangu tulimkuta mama mkwe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua tatu kutoka kwenye viazi, anaota jua. Wale waliosoma tangu mwanzo wanamjua. Huyu ndiye aliyemwambia mume wangu, mimi nikisikia, kwamba mwanamke asiyezaa ni mzigo wa kuni mbichi. Nikajua leo nimekwisha. Alikuwa na msimu mzima wa kunichongea, na hadhira ya watu ishirini na watano.

"Mama," Mwenyekiti akamwamkia, "shikamoo. Hapa nyuma ya bafu palikuwa na mahindi?"

Mama mkwe akaniangalia kutoka miguuni hadi kichwani.

"Marahaba. Hapa? Hapa nimevipanda mwenyewe hivyo viazi," alisema. "Mahindi yatoke wapi? Mwanamke huyu hata mchicha unamshinda."

Wakacheka. Na kicheko kile kikamzika Mama Mbuzi. Kwake palikuwa na kiraka kilichochimbwa juzi alipong'oa mihogo, na sasa kila mtu akakikumbuka. "Ndiyo maana kulichimbwa," mmoja akasema. Mwingine akasema alikuwa anamshuku tangu zamani. Watu wakishapata wa kumshuku, wote walikuwa wakimshuku tangu zamani.

Mkaguzi akaamuru mistari minane ya upande wa magharibi, upande wa Mama Mbuzi, ikatwe siku hiyohiyo. Ilikuwa safi kuliko yote. Tuliikata mpaka mstari wa mwisho. Na Mwenyekiti akaniambia, "Katibu, soma sheria."

Nikaisoma.

Mama Mbuzi alisimama akasikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. "Umesoma vizuri," aliniambia. Akaenda kuwafungia mbuzi wake.

Jioni mama mkwe aliniita chumbani kwake.

"Uongo wangu si wa bure," alisema.

"Najua, mama."

"Mwanangu anarudi Jumamosi. Na mwenzio. Ana mimba ya miezi sita, huyo mwenzio. Watalala chumba kikubwa."

"Mimi nilale wapi?"

"Stoo ina mlango. Na huko kikundini pamepatikana nafasi. Utamwandika mwenzio."

"Mahali pa Mama Mbuzi?"

"Kwani pameandikwa jina lake juu ya udongo?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kumwambia aende akaseme anachotaka kusema. Lakini nilikuwa nimeshasema uongo mmoja, na uongo haukubali kukaa peke yake nyumbani.

Mume wangu akaja Jumamosi na redio na sanduku jipya. "Umenenepa," aliniambia. Nilikuwa nimekonda mpaka pete inavuka yenyewe. Mwenzangu alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, miguu imevimba kwa safari, na jambo la kwanza alilofanya ni kuniangukia miguuni.

"Dada, mimi sikujua kama ana mke," alisema. "Nimejua jana kwenye basi."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nimefanya kazi ya kumchukia wiki nzima, na ameniharibia kazi yote kwa sentensi mbili. Nikamchemshia maji aloweke miguu.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku ya kugawa nafaka ghalani. Kila mwanachama huchukua debe lake kuvukia miezi ya njaa, na katibu huita majina. Mama Mbuzi akaja na gunia lake tupu, akasimama mwisho wa foleni kama kawaida. Watu wakasogea pembeni. Akafika mbele yangu.

"Jina lako halipo," nikasema. Sikuinua kichwa.

"Nisomee."

"Nimesema halipo."

"Nimesikia. Nisomee yote, nisikie mwenyewe."

Mwenyekiti akaguna, lakini hakukataza. Nikasoma. Majina ishirini na manne, moja baada ya jingine, na mahali pa jina lake nikalisoma la mwenzangu. Mwenzangu alikuwa pale pale, debe mkononi, hajui anakalia kiti cha nani.

"Asante," Mama Mbuzi akasema. Akakunja gunia mara nne, akaliweka kwapani.

Mwezi uleule aliuza mbuzi wawili. Kisimani wakaanza kutania: akimuuza huyu wa mwisho tutamwita nani? Nami nilicheka. Nimeamua kuungama yote, basi na hilo liandikwe: nilicheka na wenzangu.

Mahindi yakakomaa. Tukawakata madume kama ilivyo desturi, na safari hii hakuna aliyetania. Wiki moja kabla ya ukaguzi wa mwisho niliingia shambani peke yangu, mchana, upande wa mashariki, ule unaotazama bafu langu. Nikamenya hindi la kwanza. Jeupe. La pili jeupe. La tatu, katikati ya punje nyeupe zilizopangana vizuri, zilikaa punje nne nyeusi.

Nikakaa chini.

Nikamenya mengine. Moja lilikuwa na mbili, jingine saba, jingine hakuna kitu. Upepo ulikuwa umetupa vumbi la mama yangu huku na huku, kwenye mistari kumi na mbili ya mwanzo, kisha likakoma. Katikati ya shamba palikuwa safi. Magharibi, kwa Mama Mbuzi, hata punje moja haikuwepo. Nilifika mpaka mwisho kuhakikisha, na nilipofika nilitamani kuikuta hata moja.

Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wote. Kama siku ile ningesema kweli, mkaguzi angekata mistari ya upande wangu, na shamba lingepita bila doa. Sasa amekata upande usio na kosa. Akifika akikuta punje nyeusi mashariki, atajua alidanganywa, na atalikataa shamba zima. Mistari kumi na mbili iliyooza itaizamisha mia iliyo mizima, na mfyatua tofali ataleta majembe yake.

Bado palikuwa na njia. Nimwambie Mwenyekiti leo, tumwite mkaguzi kabla, akate upande wangu. Kikundi kipone, mimi nizame.

Nikaenda. Nataka mjue kwamba nilikwenda, kwa miguu yangu, na maneno nilikuwa nimeyapanga.

Mwenyekiti akanipokea kwa mikono miwili. "Katibu, umeletwa na Mungu. Mwenye shamba katoka hapa sasa hivi. Karatasi ya miaka kumi iko tayari, tunasaini siku ya ukaguzi."

"Mwenyekiti, nina neno."

"Ngoja nimalize. Unajua jana nimeota nini? Nimeota mtu ametuharibia. Nimeamka nimeshika mto hivi, namkaba." Akanionyesha jinsi alivyomkaba. Alikuwa na mikono mizito. "Niseme kweli, Mama Mbuzi angetuponza kama si wewe kusimama na sheria. Haya, neno gani?"

Nikafungua mdomo.

"Nilikuja kuazima jembe," nikasema.

Akaniazima. Nikarudi nyumbani na jembe begani, na kwangu nina majembe mawili.

Njiani nikajifariji kwa jambo moja: kopo. Nikasema, hata wakinifukuza, mbegu ya mama ipo, konzi moja, nitaipanda popote nitakapotupwa. Nilipokata kona ya nyumba nikamkuta mama mkwe uani, anarushia kuku. Kuku wanagombana. Kopo la mama yangu lilikuwa mapajani mwake, limeinama.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimesikia umekwenda kwa Mwenyekiti. Nikajua akili zimekuruka. Nimeondoa ushahidi." Akaligonga kopo tako, likaanguka vumbi. "Ungeshukuru."

Nilipiga magoti nikakwangua udongo kwa kucha. Sikupata hata moja. Nikamkamata kuku wa kwanza niliyemfikia, nikamchinja hapohapo, nikapasua kile kifuko cha shingoni kinachohifadhi punje. Mlikuwa na mchanga, majani na mende. Waliokula mbegu ya mama walikuwa wengine, na walisharuka kwa jirani.

Kuku hawezi kutupwa, kwa hiyo usiku ule alipikwa. Mume wangu akasema ni siku nyingi hajala kitu kitamu hivyo. Mwenzangu peke yake hakula. Alinitazama akasema, "Dada, una nini?" Nikasema moshi.

Siku ya ukaguzi, wanawake wote walikuwa shambani tangu asubuhi. Mwenye shamba alikuja na karatasi yake ndani ya bahasha. Mfyatua tofali naye alikuja, akasimama barabarani na baiskeli, hakusalimia mtu. Kando ya shamba tuliwasha moto wa mafiga, kuna sufuria ya maji ya chai kwa wafanyakazi.

Mwenyekiti alikuwa amekodi vibarua watano wa kumenya, tuende haraka. Mmoja wao alikuwa Mama Mbuzi. Alikuja na kisu chake, akaketi alipoelekezwa, katika shamba alilolipalilia kuliko mtu yeyote, kumenya mahindi ya wengine kwa ujira wa kutwa. Mbuzi wa mwisho alishamuuza, na kwa kweli hakuna aliyejua amwite nani.

"Nileteeni mahindi kutoka kila upande," mkaguzi akasema.

Tukaleta marundo manne. Katikati, safi. Magharibi, safi. Kaskazini, safi. Mwenye shamba akaanza kufungua bahasha. Rundo la mashariki liliwekwa mbele ya Mama Mbuzi, na mwenzangu, tumbo mbele, akakaa kando yake kumsaidia.

Ni mwenzangu aliyeliinua. "Dada," aliniita, kwa ile sauti yake isiyo na hila, "mbona hili lina punje nyeusi?"

Mwenyekiti akasema, "Nini?"

Mkaguzi akalichukua. Akamenya jingine, na jingine. Akavua kofia.

"Nilikata magharibi," alisema polepole. "Hii imetoka mashariki. Mlinidanganya."

"Hatukudanganya," Mwenyekiti akasema. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Wallahi hatukudanganya. Mashariki kuna nyumba nne tu. Moja ni yangu."

Wote wakamtazama yeye. Kwa mara ya kwanza nilimwona Mwenyekiti akishuku kwamba dunia inaweza kumdhania vibaya.

"Sikilizeni," mkaguzi akasema. "Mimi sitaki kumfunga mtu. Nikijua vumbi hili lilitoka wapi hasa, na lilimwagwa siku ngapi, napima, nakata mistari inayostahili, iliyobaki inapita. Nisipojua, siwezi kuweka sahihi. Shamba zima linakuwa chakula. Nawapa mpaka nimalize chai."

Mwenye shamba akairudisha karatasi kwenye bahasha. Barabarani, mfyatua tofali akasimamisha baiskeli kwa kigingi chake.

Mama mkwe, aliyekuja kutazama, alinikodolea macho na kutikisa kichwa kidogo sana: nyamaza.

Mama Mbuzi alikuwa bado ameketi. Kwa ncha ya kisu alikuwa akizing'oa punje nyeusi kwenye hindi, moja moja, anaziweka kiganjani. Alipomaliza moja akachukua jingine. Hakuharibu hata punje. Zilipofika kumi na moja akanyanyuka.

"Hizi tunafanyaje, mkaguzi?" aliuliza.

"Tupa motoni. Zisije zikachanganyika."

Akaenda kwenye mafiga. Akasimama juu ya moto, akanyoosha ngumi yake. Nikaiona ile ngumi, na nikajua kilichomo. Kuku wamekula kopo, panga limekula mabua. Duniani kote, kila kilichobaki cha mama yangu kilikuwa punje zile na ndugu zake wachache mle kwenye rundo, nusu mama, nusu kikundi.

Ukimtoa mama mkwe, mtu mmoja tu pale aliijua mbegu ile.

"Nizitupe, katibu?" Mama Mbuzi akauliza.

"Si umesikia mkaguzi amesema utupe?" Mwenyekiti akasema kwa ukali. "Unamuulizia nini katibu?"

"Namuuliza katibu."

Hakuwa na hasira. Alinitazama vilevile kama siku ile zizini, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Vidole vyake vikaanza kulegea. Punje moja ikateleza, ikaangukia kwenye jivu, ikapasuka kwa mlio mdogo.

"Subiri," nikasema.

Kikombe cha mkaguzi kikaishia njiani. Mama mkwe akafumba macho. Mwenzangu akashika tumbo, akanitazama, na nadhani yeye alielewa kabla ya wengine wote.

Mwenyekiti akaja mpaka mbele yangu, karibu kabisa, mikono yake mizito imening'inia.

"Asubiri nini, katibu?"